Peremende za skukuu: gumzo la kikundi cha ukoo

Zuhura: Asalam alaikum wana ukoo. Mie skukuu hii watoto siwapi pipi za dukani, nataka nipike mwenyewe peremende za karafuu na za iliki, zile ngumu zinazong'aa ukitafuna zinavunjika, sio kashata. Nani humu anajua anieleze kabla sijatia sukari motoni, sukari yenyewe bei mnaijua

Ami Suleiman: Waalaikum salaam. Na hela ya skukuu utawapa au ndo peremende imekaa badala yake 😂

Zuhura: Ami hela ya skukuu tukuulize weye, Idi iliyopita ulikaa msikitini mpaka alasiri watoto washachoka kugonga mlango

Ami Suleiman: Nilikuwa nasoma

Mamdogo Asha: Waalaikum salaam mwanangu. Shira ya kaimati si unaijua? Ndo hiyo hiyo, tofauti weye kaimati unaizima ikivuta uzi, hii huizimi unaiacha iendelee mpaka maji yote yaishe ndani yake ibaki sukari tupu. Hapo katikati ndo wengi wanaponaswa, wanaona imekuwa nzito inachemka mapovu makubwa wanadhani tayari, wanamimina, asubuhi wana gundi

Mwanaidi: Kweli kabisa hiyo, kuna watu walitugawia arusini, mtoto kaitia mdomoni hata kusema hawezi

Salma (Marekani): Jamani hata mie nipo, huku saivi mchana. Hizo huku hutengenezwa sana Krismasi, kuna bibi jirani yangu hapa Columbus kila Desemba anapika rangi mbalimbali, nyekundu ya mdalasini, nyingine ya karafuu, nyingine ya mnanaa, anazikata kwa mkasi anazimwagia sukari ya unga anatia kwenye chupa anagawa mtaa mzima. Vipimo vyake alinipa, ntavituma ngoja nimalize kazi hii

Ami Suleiman: Karafuu kumbe inakwenda mpaka Ohio halafu inaturudia sisi kama mafunzo 😂😂

Mamdogo Asha: Ndo maana nakwambia njoo Wete huku Pemba uchume

Salma (Marekani): Haya. Sukari vikombe viwili, glukosi ya maji (ile nzito kama asali) thuluthi mbili za kikombe, maji robo tatu ya kikombe. Unakoroga kwa moto mdogo mpaka sukari iyeyuke YOTE, ikianza kuchemka unatoa mwiko huutii tena, unaacha mpaka nyuzi 150 za selisiasi, ikizidi sana 155. Ikipita hapo inaanza kugeuka rangi na ikikaribia 170 ishakuwa karamelo. Unaipua, unangoja mapovu yatulie, NDO unatia rangi na mafuta ya karafuu. Ukitia ikiwa bado motoni harufu yote inakwenda na mvuke, wewe unabaki unapiga chafya tu na pipi haina ladha

Nassra: Bibi yupo hapa nimemsomea. Anasema usipokoroga itaungua, yeye hajawahi kuona kitu cha sukari kisichokorogwa, halua inakorogwa mpaka mkono unakufa ganzi

Khamis: Mwambie Bibi halua ina uwanga na samli, ndo maana inataka mwiko muda wote uwanga usishike chini. Hii ni sukari na maji tu. Ukikoroga ikishachemka, zile punje punje za sukari zinazoganda pembeni ya sufuria zinaangukia ndani, moja tu inatosha kuziita wenzake na sufuria nzima inarudi kuwa chenga mbele ya macho yako. Nawafundisha fomu three hii kila mwaka hawanielewi labda nianze kuwaletea peremende

Khamis: Pembeni ya sufuria ukiona punje funika kifuniko dakika mbili tatu, mvuke unazishusha wenyewe. Au brashi safi iliyolowa maji

Nassra: Bibi anasema haya, ila yeye angekoroga

Zuhura: 😂😂 Bibi nakupenda. Khamis, glukosi lazima? Sina

Khamis: Kazi yake ni hiyo hiyo, kuzizuia punje zisishikane. Huna tia ndimu, nusu kijiko cha chai kwa hivo vikombe viwili, ile asidi yake inaipasua sukari kidogo inakuwa sukari za aina mbili zilizochanganyika na ya tatu ile yenyewe, zikichanganyika hivo hazipangiki zikaganda. Lakini usizidishe ukadhani ndimu ni ladha, ukizidisha pipi inavuta unyevu inanata. Na wala usitie asali badala yake, kwa sababu hiyo hiyo

Mwanaidi: Glukosi ipo Darajani hapa Unguja, maduka ya vitu vya keki, ulizia tu, wanauza kwenye vikopo

Zuhura: Haya kesho ntapita. Nyuzi 150 sasa ntazijuaje, kipimajoto ninacho cha mtoto tu

Khamis: DADA ZUHURA USITIE HICHO. Kinaishia 42 kile

Ami Suleiman: Mwache atie tujue kama peremende ina homa

Nassra: Bibi kanyang'anya simu anataka nirekodi voisi, nimemwambia nitaandika. Anasema kipimajoto cha nini, chukua bakuli la maji baridi ya barafu, udondoshe tone la shira, ulitie kidole. Likiyeyuka bado. Likiwa kijidonge laini unakifinya bado, hiyo ya kashata. Likiwa gumu lakini ukilitafuna linanasa menoni, bado, hapo ndo usidanganyike. Mpaka udondoshe ulisikie lenyewe linalia ndani ya maji, ulitoe ulivunje livunjike kach, hapo ipua mbio

Salma (Marekani): Bibi kamaliza, ndo hivo hivo wanavofanya huku wasiokuwa na kipimajoto. Ila kila ukipima teremsha sufuria au punguza moto kabisa, maana wakati unachezea bakuli yenyewe inaendelea kupanda

Mamdogo Asha: Mafuta ya karafuu unayo? Huku Wawi kile kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) wanakamua, lakini uliza ya kula, sio yale ya kuchulia mgongo. Usipopata twanga karafuu kavu uchekeche kwa kitambaa chepesi, utie unga wake kijiko kidogo, utaona vidoadoa vyeusi si kitu. Iliki ndo kabisa twanga tu

Salma (Marekani): Ukipata mafuta usitie mengi, robo kijiko cha chai kwa sufuria hiyo inatosha na hata chini ya hapo, ni makali yanaunguza ulimi. Na tumia kijiko cha bati, mafuta ya karafuu yanakula plastiki nyingine

Mwanaidi: Na arki ya rozi je, inafaa? Rangi ya waridi ingependeza

Salma (Marekani): Zile za maji maji zinarusha sana ukizitia na nyingi zinaruka na mvuke. Ukipata ya mafuta sawa

*(Usiku wa pili yake)*

Zuhura: Tumetoka tarawehe, sufuria ipo motoni. Glukosi nimepata. Watoto nimewafukuza jikoni wote

Khamis: Vizuri. Weka na bakuli la maji baridi pembeni, sio la kupimia, lako mwenyewe. Shira ile ikikurukia haitoki kama maji ya moto, inaganda hapo hapo kwenye ngozi inaendelea kuunguza. Ikitokea ni maji ya bomba dakika ishirini, msije mkapaka dawa ya mswaki

Zuhura: Dakika kumi sasa haibadiliki, mapovu tu. Naona kama haipandi

Khamis: Ndo ilivo, maji mengi yakiwemo inasuasua hapo mia na kidogo. Subiri yakipungua, inarukia juu ghafla. Usiende kuangalia tamthilia

Zuhura: Nimepima. Kijidonge, kinafinyika

Mamdogo Asha: Bado sana

Zuhura: Nimepima tena limekuwa gumu!! Nipue??

Nassra: Bibi anasema litafune kwanza

Zuhura: Linanasa menoni 😩

Nassra: Bibi anasema si nilikwambia. Rudisha

Ami Suleiman: Hii mechi tamu kuliko fainali

Zuhura: Mapovu yamekuwa madogo madogo mazito yanapasuka polepole na harufu imebadilika kidogo, sio ya kuungua lakini

Khamis: Upo karibu. Pima sasa hivi

Zuhura: LIMELIA. LIMEVUNJIKA. NAIPUA

Mwanaidi: Takbir 😂😂😂

Salma (Marekani): Ngoja mapovu yafe kabisa kabla ya mafuta na geuza uso, ule mvuke wa karafuu unatoa machozi. Dirisha wazi

Zuhura: Wallahi mvuke huu umezibua pua mpaka ya paka. Nimemimina kwenye sinia nimepaka mafuta ya kula kwanza, rangi nyekundu imekaa kama kioo cha taa ya gari. Sasa nakata lini

Salma (Marekani): Anza pembeni, ndo kunakopoa mwanzo. Ukiinua ncha inainuka kama ngozi, kata kwa mkasi uliopakwa mafuta, vipande vyembamba halafu vidogo vidogo. Fanya haraka una dakika chache tu. Zikikuwahi zikakauka usihangaike, zivunje na kinu, zitakuwa za ovyo ovyo lakini utamu ule ule

Zuhura: Nusu nimekata nusu zimeniwahi. Kinu kinahusika

Mamdogo Asha: Sasa sikia, kazi kubwa inaanza hapo. Huku masika yashaingia, hewa yenyewe imelowa, peremende ukiiacha wazi kwenye sahani usiku mmoja inatoka jasho inashikana yote na weye utasema umekosea kupika kumbe hukukosea. Zikipoa tu hapo hapo, usingoje asubuhi, vuruga na sukari ya unga, pepeta iliyozidi, tia kwenye chupa ya kioo ya kifuniko cha kukaza. Ukitaka kufunga moja moja fungia karatasi ya kuokea uisokote ncha mbili

Mwanaidi: Kwenye friji si bora?

Khamis: Hapana, ukiitoa kwenye friji joto la nje linaivisha umande, ndo inalowa kabisa. Kabatini, chupa imefungwa

Mamdogo Asha: Wamarekani hao wanapika Desemba kuna baridi kavu, wana raha. Sisi peremende inataka kuchungwa kama mchele wa mbeya

Salma (Marekani): Kweli, huku jirani anaziacha mezani wazi hazifanyi kitu

Zuhura: Nimetia chupa mbili. Sufuria sasa imeganda kama simenti

Mamdogo Asha: Jaza maji uchemshe, sukari hiyo itayeyuka yenyewe, usikwangue ukaharibu sufuria ya watu

Ami Suleiman: Zangu ngapi

Zuhura: Ami utapata ukifungua mlango

Mwanaidi: Nami nina neno. Wale wadogo wa chini ya miaka minne usiwape hizi, ni ngumu na zinateleza, zinakwama kooni. Wape ubuyu bila kokwa au wape kashata laini. Siku ya skukuu watoto wanakimbia na kitu mdomoni, Kariakoo ya hapa Unguja kwenye bembea huko ndo kabisa

Nassra: Na Tibirinzi kule Pemba vilevile, mwanangu hata akiwa kwenye bembea anatafuna

Zuhura: Sawa, za wadogo ntafunga vifurushi mbali na jina juu. Mwanaidi unachukua za jumba lenu au nilete?

Mwanaidi: Lete, nami nakupa visheti, tusigombane

Mamdogo Asha: Za huku Wete mpe mwanangu Saidi anapanda boti keshokutwa, ila afunge chupa ndani ya mfuko wa nguo asiitie juu ya sitaha chumvi ikaipata

Zuhura: Inshaallah. Kesho naingia za iliki, rangi ya kijani. Nassra njoo unisaidie kukata maana mkono mmoja hautoshi, njoo na ule mkasi wa Bibi mkubwa

Nassra: Bibi anasema mkasi wake wa kanzu haukati sukari, aje mtu na wake