Ameba ya ubongo: mzee wangu anasafisha pua kwa maji ya tangi, nimzuie?

MamaPacha (South C):
Habari za usiku wadau, na msinicheke. Baba Pacha ana sainasi, daktari akamwambia asafishe pua kwa maji ya chumvi. Basi kila asubuhi anachota maji ya mfereji (bomba), anakoroga chumvi ya jikoni, anamimina tundu hili yatokee lile. Ongeza na udhu mara tano. Sasa kwenye kundi la akina mama nimetumiwa video ya Kerala, India, watu wamekufa kwa ameba inayoingia ubongoni. Usingizi umenikimbia.

Maji yetu ni ya mgao siku mbili kwa wiki, siku nyingine mwenye ploti analeta boza. Yote yanaingia tangi moja jeusi juu ya paa. Jumamosi nilimpa mlinzi mia mbili akanisimamishia ngazi. Kifuniko hakuna, ni kipande cha bati na jiwe. Kuta zina utelezi wa kijani, mjusi anaelea tumbo juu, na nilipotia mkono maji yalikuwa vuguvugu kama ya kuogeshea mtoto. Ya kunywa huwa nachemsha. Hayo mengine je?

Mkaazi_Kayole:
Nairobi hii ukienda kliniki na tumbo lazima uambiwe ni ameba na taifodi. Nunua vidonge, meza, lala.

Zamu_ya_Maabara:
Mkaazi, usimpoteze dada. Hiyo ya tumbo ni Entamoeba histolytica, inaingia kwa mdomo pamoja na uchafu wa choo. Ya ubongo, inayotajwa sana huko Kerala, ni Naegleria fowleri, na vidonge vyako si tiba yake. Hii hata ukiinywa haikupi ugonjwa huo. Shida ni ikipanda puani: inafuata mshipa wa kunusia mpaka kwenye ubongo. Inapenda maji ya moto moto yasiyo ya bahari, na klorini (dawa ya kuua vijidudu majini) ikiisha inastawi. Haiambukizwi mtu kwa mtu.

Marekani nzima, 1962 hadi 2023, wamehesabiwa wagonjwa 164 na waliopona ni 4. Kwa hiyo kuipata ni nadra mno, ila kupona nako ni nadra. Na kuna wawili kule Louisiana mwaka 2011 waliofariki baada ya kusafisha pua kwa maji ya mferejini, kitu kile kile anachofanya mzee wako. Chumvi ya kijiko haiiui. Achemshe, yatokote dakika moja kamili (mimi huacha tatu), yapoe yamefunikwa kwenye chombo safi. La sivyo anunue maji ya chumvi yaliyosafishwa, duka la dawa yapo.

Mtu akipandisha maji ya aina hiyo puani, kisha ndani ya wiki mbili hivi apate kichwa kikali, homa, kutapika na shingo kukakamaa, akimbie hospitali na aseme habari ya pua. Daktari hawezi kuikisia bila kuambiwa.

Mwana_wa_Lamu:
Mama Pacha, Karachi, Pakistan, wamezika wengi ambao hata hawakuogelea, na maji ya udhu yakashukiwa. Mwekee shemeji birika lake la maji yaliyochemshwa. Na asivute kama anayenusa ugoro! Akiwa amefunga si huwa anapandisha kidogo tu? Afanye hivyo hivyo.

Fundi_Tangi:
Mimi husafisha matangi. Utelezi huo ukiuacha, klorini yote inaishia hapo. Mwage maji, sugueni kwa brashi, suuzeni, jazeni, mtie dawa ya maji kwa kipimo cha kwenye chupa. Na kifuniko cha kweli.

MamaPacha:
Asanteni. Birika limeshawekwa, Baba Pacha ameninunia lakini analitumia. Mwenye ploti nimempigia, anasema wapangaji tuchange. Fundi, tangi ni la lita elfu tano, bei gani? Na mjusi unamtoa wewe, mimi ngazi ile sipandi tena.