Hisabati katika mtihani wa CLAT: nimwongozeje mpwa wangu?

Mwalimu, Tabora
Habari zenu, ndugu. Ninafundisha hisabati sekondari hapa Tabora. Mpwa wangu, aliyekulia India na wazazi wake, anajiandaa kufanya CLAT, mtihani wa kuingia vyuo vikuu vya kitaifa vya sheria vya huko, na ameniomba nimwongoze katika hisabati. Maswali ya aljebra na logariti ninayompa anayamudu, lakini katika mtihani wa majaribio muda humwishia kabla hajamaliza hata jedwali la kwanza. Je, niendelee kumkazia kanuni?

Kijana wa Kigoma
Shikamoo, mwalimu. Kanuni anazo, anachokosa ni mazoezi ya kusoma takwimu. Mtihani ule una maswali 120 kwa dakika 120, na hisabati huchukua maswali 10 hadi 14 tu, ya kiwango cha darasa la kumi la India. Logariti ziweke kando. Hutolewa kifungu cha habari, jedwali au chati, kisha maswali kadhaa yanayotegemea takwimu hizo: asilimia, uwiano, wastani, wakati mwingine maeneo na ujazo wa maumbo.

Mpe kila siku habari moja yenye namba, hata iwe ya mauzo ya tumbaku huko kwenu, na kabla hajakokotoa chochote aeleze kila asilimia ni ya kitu gani. Hapo ndipo wengi hukwama. Bei ikipanda kwa asilimia 20, kisha ikashuka kwa asilimia 20, wao hudhani imerudi palepale, ilhali imepungua kwa asilimia 4, kwa sababu punguzo limekokotolewa kutoka bei mpya iliyo kubwa zaidi. Kikokotoo hakiruhusiwi, kwa hiyo azoee kugeuza asilimia kuwa sehemu: asilimia 37.5 ya 640 ni 3/8 yake, yaani 240.

Mama Ujiji
Naongeza moja: asikisie kabisa. Jibu lisilo sahihi hukatwa alama 0.25, na swali lililoachwa halikatwi kitu.

Kijana wa Kigoma
Hapo, mama, naomba tutofautiane. Jibu sahihi lina alama 1 na machaguo ni 4. Anayekisia maswali 16 bila kujua lolote hutarajiwa kupata 4 na kukosa 12. Alama 4 zikikatwa 3, hubaki 1, faida ambayo bahati mbaya inaweza kuifuta. Lakini akishaondoa chaguo moja lisilowezekana, katika maswali 12 hutarajiwa kupata 4 na kukosa 8, na alama 2 hubaki. Hasara kubwa ni kung'ang'ania swali moja dakika nne, wakati maswali ya sheria yanamsubiri.

Mwalimu, Tabora
Marahaba, kijana. Hesabu yako nimeirudia na ni sahihi. Leo jioni namtumia jedwali la mauzo ya tumbaku, na logariti nitaziacha, ingawa roho inaniuma.