Karafuu na pilipili manga chini ya minazi, Gede itawezekana?

shamba_gede:
Asalaam aleykum wadau. Nina shamba la minazi hapa Gede karibu na Malindi, urithi wa babu, minazi mirefu ya zamani imepandwa ovyo ovyo hakuna mistari, na katikati ni majani tu yanaliwa na ng'ombe wa jirani. Madafu na makuti nauza lakini pesa yake ya kubahatisha. Juzi nilikuwa Unguja nikaona watu wamechanganya karafuu, mdalasini, pilipili manga, vyote na minazi juu, nikasema mbona sisi tumelala? Nikipanda karafuu na pilipili manga masika ijayo vitatoka kweli? Maji ni ya kisima, hayana chumvi ila kiangazi yanapungua.

Pemba_kwetu:
Waaleykum salaam. Karafuu sahau ndugu yangu. Sisi Pemba mvua yetu inakaribia mara mbili ya hiyo yenu ya Malindi, na hata hivyo mche mchanga ukikutana na kiangazi kikali unakauka. Halafu unangoja miaka sita, saba ndio uanze kuchuma. Pilipili manga nayo inataka unyevu mwaka mzima, weka miche michache karibu na kisima ya kula nyumbani, biashara hapana.

mkwezi254:
Na hiyo pilipili usije ukaipandisha kwenye mnazi wenyewe!! Watu wanaona picha za India wanaiga. Sasa mimi nikija kuangua nazi nitakanyaga wapi, vipago vyote vimefunikwa na mti unateleza. Ipandie mti wa gilirisidia pembeni, inashika upesi ukichomeka tawi tu, na majani yake ukikata unatandaza shambani yanakuwa mbolea.

BintiWitu:
Kaka minazi mirefu ya zamani ndio bahati yako. Mnazi wa miaka kama minane mpaka ishirini na kitu kivuli chake kizito, chini hakuna kitu kinatoka cha maana, lakini ukishapita hapo makuti yako juu sana jua linapenya. Nenda saa sita mchana uangalie chini, ukiona madoa ya jua yamejaa, panda manjano. Huku kwetu nimeyaweka katikati ya minazi, yanavumilia kivuli, lakini tangawizi maji yakituama siku chache tu inaoza, unachimba unapata uji unaonuka. Manjano unapanda masika ikianza, kipande chenye jicho, shimo la vidole vitatu hivi, miezi minane au tisa majani yakishakuwa njano na kulala unachimba. Ila kaa mbali na shina kama mita mbili, mizizi ya mnazi imejaa pale na jembe litaikata bure. Na usichome makuti mabovu na makumbi, tandaza, mchanga wetu huu haushiki maji.

mkwezi254:
Makumbi sawa, lakini magogo ya minazi iliyokufa yatoe. Yule mdudu chonga anazaa humo kisha anapanda kutoboa kilele cha mizima.

shamba_gede:
Shukran sana jamani, basi karafuu naacha. Mdalasini je? Na manjano nauza mabichi ama?

Pemba_kwetu:
Mdalasini jaribu mipakani, unavumilia. Mwaka wa tatu hivi unakata, unachipua tena, gome unabandua wakati wa mvua linapoachia vizuri.

BintiWitu:
Mabichi bei ni ya dalali, utalia. Chemsha mpaka kijiti kiingie, anika juani mpaka yakivunjwa yalie ka!, hayo unaweka ndani hata miezi ukingoja bei. Ila kabla hujalima shamba zima zungumza kwanza na wenye maduka ya viungo hapo Malindi mjini, na huyo jirani mwenye ng'ombe pia, maana uzio utakugharimu kuliko mbegu.

shamba_gede:
Huyo jirani ni ami yangu 😅 hapo ndio kazi ilipo.