Jiwe la marehemu baba limetupwa kwenye jiko la nyama, na aliyelitupa anauliza kwa nini haliwaki

Mama Neema wa Soweto

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa bado na harufu ya kiberiti kwenye nywele, na nyama ya mbuzi mzima iko nje kwenye sinia, hata mbwa wa jirani ameinusa akaondoka. Nimetukanwa leo saa kumi na moja jioni, nyumbani kwangu, hapa Soweto, Moshi.

Jina lake silitaji kwa sababu hakuna asiyemjua. Kila mtu aliyewahi kuchangia harusi kati ya Soweto na Kiboriloni anamfahamu: ndiye anayeshika daftari la michango, ndiye anayeweza kukudai ahadi yako ukiwa kwenye foleni ya kumuaga marehemu, na akianza kusoma majina ya wasiomaliza kulipa, sauti yake husikika hadi Himo. Leo ilikuwa zamu yangu kuipokea kamati. Niliwasha jiko, nikaweka nyama, nikaingia ndani kuchukua chumvi na pilipili. Niliporudi, jiwe la baba yangu lilikuwa motoni.

Narudia ili nieleweke vizuri. Jiwe la baba yangu, lililokaa kwenye kabati la vioo sebuleni tangu tulipohamia Moshi, jiwe ambalo wanangu hawaligusi mpaka waniombe, bwana yule alifungua kabati, akalitoa, akapita nalo mlangoni, akalitupa katikati ya jiko, kisha akasimama akilipepea kwa mfuniko wa sufuria. Aliponiona nimesimama na kibakuli cha chumvi, akasema mbele ya wajumbe kumi na mmoja: "Mama Neema, mkaa gani huu hauwaki?"

Ule haukuwa mkaa. Mkaa ni mti uliochomwa kwenye tanuri huko porini kwa siku kadhaa, ukapakiwa kwenye magunia na kuletwa sokoni. Lile lilikuwa pande la makaa ya mawe lililotoka chini ya ardhi kule Kiwira, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwenye jiko langu, na mimea iliyolifanya ilifukiwa kwenye matope ya mabwawa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kabla hakujawa na mtu, wala harusi, wala daftari la michango.

Mgodi wa Kiwira ulijengwa kwa msaada wa China na ukaanza kazi mwaka 1988. Ulisanifiwa kutoa tani 150,000 kwa mwaka, ukiwa na mtambo wake wa umeme wa megawati 6, na makaa yake yalikwenda kwenye kiwanda cha saruji cha Mbeya na kiwanda cha karatasi cha Mufindi. Hayo yameandikwa na yeyote anaweza kuyasoma. Yasiyoandikwa ni kwamba baba alikuwa akirudi kutoka shifti ya usiku ameoga, ameng'aa, amevaa shati safi, lakini weusi umebaki kwenye mizizi ya kope zake kama wanja, na mama akawa anamwambia kwamba yeye ndiye mwanamume pekee kambini anayependeza bila gharama. Hayajaandikwa pia kwamba sisi watoto tulijua hali ya kazi kwa kuangalia leso yake. Akikohoa ikabaki nyeupe, siku hiyo alikuwa kwenye karakana. Ikitoka na madoa meusi, alikuwa chini kabisa, mahali ambapo mtu hathubutu hata kuwasha njiti kwa sababu ya gesi, na mwanga wote anaoutegemea ni ule wa taa ya kofia inayolishwa na betri iliyofungwa kiunoni.

Pande lile alitupatia sisi siku alipopanda kutoka shifti yake ya mwisho, limefungwa kwenye gazeti. Lilikuwa na ukubwa wa mkate mdogo. Ukiligeuza juani uliona mistari, mmoja unang'aa kama kioo na unaofuata umefifia, tabaka juu ya tabaka, na ubavuni lilikuwa limeshikana na kipande chembamba cha mwamba wa kijivu ambacho juu yake kulikuwa na alama ya jani. Jani kamili, lenye umbo la ulimi, lenye mshipa katikati na vishipa vidogo vilivyosukwa kama wavu. Baba alikuwa akikamata kidole changu na kukipitisha taratibu kwenye ule mshipa, akiniambia kwamba mti ule hakuna mtu aliyewahi kukaa kivulini pake. Mwanangu wa mwisho nimemfundisha hivyo hivyo, kwa kidole chake, wiki iliyopita tu.

Jani ndilo lililotangulia kupasuka. Nilisikia mlio, kipande cha mwamba kikaruka kwenye majivu na kumeguka vipande vitatu, na moshi ukafuka mzito wa manjano ambao ungeweza kuficha Kibo na Mawenzi kwa pamoja. Nililitoa jiwe kwa koleo, nikalimwagia mchanga. Nusu yake imepona.

Na yule bwana, alipoona nalia, alisema nini? Alisema: "Basi mama, yaishe, kesho nitakuletea gunia la mkaa mzuri."

Gunia la mkaa! Ameona machozi yangu akayapima kwa gunia! Nilipokwenda Kiwira miaka michache iliyopita kutafuta nyumba tuliyoishi, nilikuta majani yameota mahali tulipokuwa tukicheza, na maji ya mfereji mmoja yameacha tope la rangi ya kutu kwenye mawe. Nyumba yetu sikuitambua. Niliporudi Moshi nilifungua kabati, nikalishika jiwe, nikatulia, kwa sababu nilijua kwamba angalau hili lipo. Leo mtu amelipepea kwa mfuniko wa sufuria yangu mwenyewe na kuuliza mkaa gani huu hauwaki.

Sitaki gunia. Nataka arudi, asimame pale pale penye jiko, mbele ya wajumbe wale wale, atamke kwamba ule haukuwa mkaa.

Fundi wa Pasua

Pole sana dada, lakini nawe ujilaumu kidogo. Kuweka jiwe linalowaka kwenye kabati lisilo na kufuli, siku ambayo mtu yule anakuja kula nyama, ni sawa na kumkabidhi fisi bucha. Kwangu aliwahi kuchukua mguu wa stuli uliokuwa unasubiri gundi, akachochea nao moto wa supu. Anapoona moto umelegea, mtu huyo hachagui.

Mjumbe Namba Saba

Nilikuwepo. Mama Neema hajatia chumvi hata kidogo, isipokuwa tulikuwa wajumbe tisa, si kumi na mmoja. Ninachoweza kuongeza ni kwamba alipolitoa kabatini nilimuuliza kama ana uhakika, akanijibu kwamba watu wa Moshi wamezidi, mpaka mkaa wanauweka kwenye kabati la vioo ili wageni wajue wanao. Nyama niliila. Ilikuwa na ladha ya njiti za kiberiti.

Mama Neema wa Soweto

Kumbe kulikuwa na maneno mengine nyuma yangu! Ndugu mjumbe, ulimuuliza kama ana uhakika, kisha ukamwacha apite nalo mlangoni? Na wewe wakati ule ulidhani ni mkaa?

Mnyakyusa wa Rau

Dada, mimi ni mtu wa huko huko na nakuunga mkono, ila kuna jambo linalochekesha ambalo ni lazima niliseme. Leo hii Shirika la Madini la Taifa linatengeneza mkaa mbadala wa kupikia kutokana na makaa ya mawe ya Kiwira, na hasa tangu Serikali ilipowataka wenye taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 waachane na kuni na mkaa wa miti, bidhaa ile inazungumzwa nchi nzima. Kwa hiyo mzee wa daftari amefanya jambo ambalo taifa zima linahimizwa kulifanya. Amekosea jiwe tu.

Mama Neema wa Soweto

Ule mkaa mbadala umesagwa, umechanganywa na kushindiliwa kiwandani ili ufae jikoni. Hakuna mtu aliyeutoa kwenye kabati la marehemu. Na ule hauna jani.

Mwalimu Mstaafu

Naomba kurekebisha jambo moja. Mnaandika Kiwira kana kwamba ni mahali pamoja. Makaa yale yamelala kwenye ukanda unaogusa Ileje, Kyela na Rungwe, na tangu Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016, Ileje haiko tena Mbeya. Mleta uzi alikulia upande upi?

Mnyakyusa wa Rau

Mwalimu, usianzishe hayo. Mgodi ni wa Mbeya. Ulipoanza kazi, Songwe lilikuwa jina la mto na la kiwanda cha saruji.

Mwalimu Mstaafu

Mpaka wa mkoa haufuati kumbukumbu za mtu. Kilima cha Kabulo, chenye sehemu ya makaa hayo, kiko Ileje, na Ileje iko Songwe. Hilo halina mjadala.

Kijana wa Ngarenaro

Nawasoma kutoka Arusha na nasikitika kwamba mnabishana kuhusu mkoa. Sisi tuliolelewa na Mererani, kule kwenye machimbo ya tanzanite, tumehamishiwa Manyara tangu mwaka 2002 na hakuna aliyetuuliza kitu. Mama Neema, wewe una bahati ya kuwa na nusu jiwe. Mjomba wangu aliingia shimoni mwaka 1998, mvua zile kubwa zikaja usiku, maji yakajaza mashimo, na makumi ya wachimbaji hawakutoka. Alichotuachia ni koti lake la kazi, jeusi kwa vumbi la grafaiti, lile vumbi linalong'aa ambalo Mererani humkuta kila anayepanda kutoka chini, hata ukimwona jioni unadhani amepakwa fedha. Bibi alilitundika nyuma ya mlango bila kulifua. Desemba iliyopita mke wa binamu yangu, ambaye nyote mnamjua kwa usafi wake, alilifua. Alililoweka usiku mzima, akalipiga brashi, akalianika, akaja kutuonyesha kwa furaha kwamba kumbe lilikuwa la rangi ya samawati! Bibi hajazungumza naye mpaka leo. Kwa hiyo unapolia kuhusu jiwe, ujue kwamba wengine tumefuliwa mtu wetu wa mwisho.

Fundi wa Pasua

Hili la koti limenishinda. Naondoa utani wangu wa fisi.

Mama Neema wa Soweto

Kijana wa Ngarenaro, mpe bibi pole yangu. Yeye ananielewa. Hata hivyo mke wa binamu yako alidhani anasaidia. Huyu wangu alifungua kabati la watu, na baada ya hapo akauliza mkaa gani huu hauwaki. Naomba tusiliache hilo.

Mjukuu wa Mchonga Viko

Mimi nina la kwangu, na nadhani linayazidi yote. Babu yangu alikuwa mchongaji katika kiwanda cha viko Arusha, enzi ambazo udongo mweupe ulichimbwa Sinya, kule Longido karibu na mpaka wa Kenya, ule udongo mwepesi unaochongeka kwa kisu kama sabuni. Wanaojua viko wanajua kwamba udongo ule huvuta moshi na kubadilika polepole, kutoka weupe kwenda manjano ya asali, kisha kahawia, na kwamba rangi hiyo hainunuliki, bali huletwa na miaka ya kuvuta. Kiko cha babu kilikuwa kimefika rangi ya chai ya rangi. Sikukuu ya Pasaka shemeji yangu alikikuta mezani, akaona kimechafuka, akakiloweka kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Miaka arobaini ya pumzi za babu imemwagwa karoni!

Mwalimu Mstaafu

Loo. Kiko hicho kilikuwa kizima, au kilikuwa cha mbao chenye udongo ndani tu?

Mjukuu wa Mchonga Viko

Kizima, mwalimu. Amekichonga mwenyewe, kichwa cha mzee wa Kimasai, na masikio yake yana matundu. Sasa hivi ni cheupe kama chaki na kimeanza kuchanika kwenye shavu la kushoto.

Mama Neema wa Soweto

Nimetoka kulipiga picha lile jiwe chini ya taa. Upande uliopona bado una mistari yake. Vipande vitatu vya jani nimeviokota kwenye majivu, na viwili vinaungana, ila cha katikati, chenye mshipa, kimebadilika kuwa chekundu na kinapukutika nikikigusa. Je, kuna mtu humu anayejua gundi inayoshika mwamba uliopata moto?

Kijana wa Ngarenaro

Mjukuu, kiko kikianza kuchanika usikitie maji tena. Kiweke kivulini, mbali na jua, kikauke kwa siku kadhaa kabla hujamruhusu mtu yeyote akishike.

Mnyakyusa wa Rau

Hapo kwenye shavu, ufa unaingia ndani au uko juu juu? Tuwekee picha.