Mkaa wa maganda ya kahawa unaondoa rangi lakini hauondoi shaba: kasoro iko wapi?

Mwalimu wa Kemia, Kasese
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi na wanafunzi wangu tumetengeneza mkaa amilifu (mkaa wenye vitundu vingi vidogo vya kunasia uchafu) kwa maganda ya kahawa, ambayo hapa kwetu hayana uhaba. Maji yaliyotiwa rangi hutoka meupe kabisa. Hata hivyo, kwa kuwa tunaishi karibu na mabaki ya machimbo ya shaba ya Kilembe, tuliandaa mmumunyo wa salfeti ya shaba, tukaushusha hadi pH 3 (pH ni kipimo cha asidi: ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) ili ufanane na maji yanayochuruzika kwenye miamba yenye salfaidi, yaani madini yenye salfa, na humo mkaa wetu haukunasa chochote cha maana. Nimesoma kwamba mkaa ukitibiwa kwa asidi ya nitriki hunasa metali zaidi. Je, asidi hiyo hubadilisha nini hasa?

Mkemia, Jinja
Mwalimu, mkaa wa kawaida hupenda molekuli kubwa za kikaboni, kama zile za rangi, ambazo hujibana ndani ya vitundu vyake. Ioni ya shaba, yaani chembe yake iliyoyeyuka majini, ni ndogo, ina chaji chanya na imezungukwa na molekuli za maji, kwa hiyo uso usio na chaji hauna cha kuishikia. Asidi ya nitriki huoksidisha uso huo na kupandikiza vikundi vyenye oksijeni, hasa vya kaboksili, ambavyo vikipoteza hidrojeni hubaki na chaji hasi na kuinasa shaba. Lakini kwenye pH 3 vikundi vingi bado vimeng'ang'ania hidrojeni yao, na ioni za hidrojeni zilizojaa majini zinagombania nafasi zilezile. Hata mkaa uliotibiwa vizuri ungewaangusha hapo. Pandisheni hadi karibu pH 5 kabla ya kuulaumu mkaa.

Kuna gharama pia. Uoksidishaji mkali hubomoa kuta za vitundu, na uso ukishapenda maji, uwezo wa kunasa fenoli na viuatilifu vingi hupungua. Floridi, yenye chaji hasi, ni habari nyingine kabisa: huko watu hupaka mkaa alumini, au hutumia mkaa wa mifupa.

Sikushauri kuchemsha asidi ya nitriki darasani, kwa sababu moshi wake wa kahawia ni sumu kwa mapafu. Loweka maganda mabichi katika asidi ya fosforiki, kisha uyachome kwa nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Mkaa utakaopatikana huwa tayari na vikundi vya asidi. Uoshe mpaka maji ya kuoshea yasiwe na asidi tena, kazi inayochosha kuliko zote.

Mwalimu wa Kemia, Kasese
Ahsante sana. Basi kwa nini tusipandishe hadi pH 8, chaji hasi izidi?

Fundi wa Maji, Mbarara
Hapo, Mwalimu, shaba itaganda yenyewe kuwa hidroksidi na kutuama chini, nanyi mtausifu mkaa kwa kazi ya chokaa iliyopandisha pH. Kila mara wekeni chupa ya pili yenye mmumunyo uleule, pH ileile, bila mkaa. Nikisema kwa upande wa kazi, maji ya mgodi yenye asidi ningeyatibu kwanza kwa chokaa na kuyaacha yatuame, kisha mkaa ushughulikie mabaki machache, maana Shirika la Afya Duniani linaruhusu miligramu 2 za shaba kwa lita ya maji ya kunywa. Tena maji halisi yana kalsiamu na chuma vinavyogombania nafasi, kwa hiyo matokeo ya mmumunyo safi yatapungua mtoni.

Mkaa ukishajaa unaweza kuoshwa kwa asidi hafifu ya hidrokloriki na kutumika tena, lakini maji hayo ya kuoshea yamebeba shaba yote mliyoinasa. Yatieni chokaa na kuhifadhi tope lake. Msiyamwage kwenye mfereji wa shule.