Namba yangu ya tarakimu 21 haigawanyiki: naombeni ushauri kabla ya wasilisho

MtafutaTasa: Wakuu, habari zenu. Nina namba hii: 147573952589676412927. Nimeijaribu kila namna, haigawanyiki. Wasilisho langu limekaribia na usingizi sipati. Nitangaze kuwa ni namba tasa? Naombeni ushauri.

Tarakimu: Jumla ya tarakimu zake ni 109, kwa hiyo 3 haiingii. Inaishia na 7, basi 2 na 5 nazo nje. Kazi nzuri mkuu.

BintiHesabu: "Kila namna" ndiyo ipi? Na namba umeitoa wapi?

MtafutaTasa: Nimegawa kwa namba tasa zote hadi milioni 100. Pia jaribio la Fermat imepita: kizio kwa kipeo cha namba toa 1, gawa kwa namba, baki 1.

BintiHesabu: Kwa kizio gani?

MtafutaTasa: 2 tu. Lakini imepita!

Mzee wa Vipeo: Chuoni kwetu kuna jamaa alishikilia 341 ni tasa kwa jaribio hilohilo. 2 kipeo 340, gawa kwa 341, baki 1. Akabishana bwenini mpaka usiku wa manane, na 341 ni 11 × 31! Vijana, msikimbilie sifa. Hesabu ni uthibitisho.

BintiHesabu: Hujajibu, namba imetoka wapi?

MtafutaTasa: Ni 2 kipeo 67, toa 1. Vipeo 31 na 61 vinatoa tasa, na 67 yenyewe ni tasa. Kichwa cha wasilisho nimeshakituma, kukibadilisha sasa ni ngumu.

Baki Moja: Hii chai. Mwanahisabati Mersenne aliitaja namba hiyo kuwa tasa mwaka 1644. Mwaka 1876 mwenzake wa fani, Lucas, akaonyesha si tasa, bila kutoa kigawo hata kimoja. Mwanahisabati Cole akavitoa vigawo mwaka 1903: 193707721 × 761838257287. Uzi umetungwa, mods fungeni.

MtafutaTasa: Sijatunga, wallahi. Programu ninayo.

Tarakimu: Weka programu tuione.

BintiHesabu: Mimi namwamini. Kigawo kidogo kinapita milioni 193, yeye aliishia milioni 100, angekionea wapi? Na kugawa lazima kufike mzizi wa pili wa namba yake, ambao unazidi bilioni 12, kwa hiyo alikuwa bado mbali sana. Jaribio la kizio 2 nalo halimsaidii: kila namba ya aina hii yenye kipeo tasa hulipita, iwe tasa au isiwe.

Mdogo wangu, vigawo vyake vyote lazima viwe 134 mara kitu, ongeza 1. Piga 134 × 1445580, ongeza 1, uone unapata nini. Halafu fanya jaribio la Lucas na Lehmer: anza na 4, izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa namba yako uchukue baki. Rudia kwa baki hilo, jumla mara 65. Mwisho usipokuwa 0, si tasa. Kompyuta inamaliza kufumba na kufumbua, kwa hiyo fanya leo, kisha waandikie kuhusu kichwa.