Naomba ushauri: rola ya joto ya printa haishiki wino ukingo wa kushoto

Wakuu, salamu kutoka Malindi. Printa ni ya leza, karatasi A4 gramu 80. Katikati wino umeshika. Ukingo wa kushoto ukipitisha kidole unatoka kama masizi, na kila baada ya milimita 94 kivuli cha herufi kinajirudia. Rola ya joto ina kipenyo cha milimita 30, kwa hiyo mzunguko wake ndio huohuo. Drama (drum, silinda inayochora picha ya wino) haina kosa.

Karatasi mpya kutoka pakiti iliyofungwa inapunguza tatizo (unyevu wa pwani hula joto), lakini haliishi. Nikichagua "karatasi nzito" kwenye mipangilio ya printa, wino unashika ila karatasi inajikunja. Thamista (kihisi cha joto cha rola) nimeisafisha.

Nibadilishe springi ya kushoto tu (inayobana rola mbili pamoja), au mpira wa rola ya chini, ile inayokandamiza karatasi, umeshakakamaa?